Tuwajue Wanaokaa na Watoto Wetu

Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya somo: 1 Samweli 2:12-36 na 3:10-18, Matendo ya Mitume 6:1-6 na 9:26-28, 1 Timotheo 3:1-13.



Katika somo hili twataka kutazama jambo ambalo halmashauri za parokia zetu hulipita haraka, nalo ni namna ya kumpokea mtu katika kazi ya Kanisa, hasa kazi inayomweka karibu na watoto. Twasema kazi ya mshahara na kazi ya kujitolea pia, maana mtoto hajui tofauti yake. Yeye aona tu kwamba huyu ni mwalimu, huyu ni mlinzi wa hosteli, huyu ni kiongozi wa kwaya, na Kanisa ndilo lililomweka pale.

Namna yetu ya kuwapata watu hawa twaijua sote, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Baada ya matangazo mtu husimama akasema kwamba kuna ndugu amehamia hapa, anatoka Makambako au Tunduma, ni Mkristo hodari, anajua kupiga kinanda. Watu hupiga makofi. Jumapili ya pili ndugu huyo amekwisha kabidhiwa kwaya ya watoto, na Jumapili ya tatu anawapeleka kuimba parokia ya jirani, kulala huko siku mbili. Hakuna aliyeuliza alikotoka aliondokaje.

Hatufanyi hivyo katika mambo mengine. Katika nyanda hizi zetu, awe Mhehe, Mbena, Mnyakyusa au Msafwa, hakuna mzazi mwenye akili anayemtoa binti yake bila kuuliza. Mshenga akija, wazee humpa soda na maneno mazuri, lakini nyuma yake hutuma watu wakaulize: ni ukoo gani, baba yake aliishi vipi na majirani, kijana mwenyewe ana mkono mwepesi wa kupiga, alikwisha oa mahali pengine? Kwa binti mmoja twauliza miezi. Kwa watoto arobaini wa Shule ya Jumapili hatuulizi hata siku moja.

Wengine watasema kwamba hofu hii ni ya Ulaya. Basi na tutazame hesabu ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa Tanzania nzima juu ya ukatili dhidi ya watoto, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba kabla hawajatimiza miaka 18 walipata kutendewa ukatili wa kingono, angalau mara moja. Chukua Shule ya Jumapili yenye wasichana 20 na wavulana 20 ukafanye hesabu mwenyewe: wasichana wapatao 6, wavulana wapatao 3. Hesabu ya nchi haiwezi kuwa sawasawa kila kijiji, lakini yatosha kumzuia mtu asiseme kwamba kwetu hakuna. Tena vijana wale waliojibu mwaka 2009, wengi wao sasa ni wazazi, nao wamo katika makanisa yetu wakiimba pamoja nasi.

Mitume nao hawakuchukua watu ovyo. Ilipotakiwa kuwaweka watu wa kugawa chakula cha wajane, tena ni chakula tu, hawakusema aje anayetaka. Waliwaambia ndugu watafute watu saba ambao habari zao njema zinajulikana na wengine. Paulo naye akimwandikia Timotheo ataka shemasi apimwe kwanza ndipo apewe huduma, na askofu awe na sifa njema hata kwa watu wa nje ya Kanisa. Angalieni neno hilo la watu wa nje. Si sisi tu tunaomwona Jumapili amevaa vizuri. Ni jirani yake pia, na bwana wake wa kazi, na mtendaji wa kijiji chake. Na kwa siku zetu, mmoja wa watu wa nje ni polisi.

Hapo ndipo tunafika kwenye cheti. Watu wengi hukiita cheti cha tabia njema, ingawa jina hilo linakisifu kuliko kazi yake. Mwombaji huenda polisi na kitambulisho chake, huchukuliwa alama za vidole vyake vyote kumi, nazo hulinganishwa na kumbukumbu za makosa ya jinai zilizowekwa na Jeshi la Polisi. Ikiwa hakuna kumbukumbu iliyopatikana juu yake, huandikiwa hivyo. Anayeomba ni yeye mwenyewe, wala parokia haiwezi kwenda kumwombea kwa siri. Ndiyo maana halmashauri yapasa kumwambia mtu mapema, kabla hajaacha kazi yake ya zamani, kwamba cheti kitatakiwa.

Faida ya alama za vidole ni kubwa hapa kwetu kuliko mahali pengi. Mtu mmoja aweza kuwa na jina la ubatizo, jina la babu yake, jina la ukoo, na jina alilopewa shuleni na mwalimu aliyeshindwa kutamka la kwanza. Akihama kutoka Ludewa kwenda Chunya aweza kuanza na jina jipya bila hata kusema uongo. Vidole havibadiliki.

Habari moja ya Uingereza yaonyesha hatari ya kutafuta kwa jina. Mwaka 2002 katika mji mdogo wa Soham, mtu aliyekuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Kabla ya kuajiriwa, polisi waliombwa kutazama kumbukumbu zake. Alikuwa ametumia majina mawili maishani mwake, nao wakatafuta jina moja. Lakini yaliyopatikana baadaye yalikuwa mazito zaidi. Katika mkoa alikotoka, miaka ya 1990, mtu huyo alikuwa ameshtakiwa kwa polisi mara kadhaa juu ya wasichana wadogo na juu ya kubaka, na kila mara jambo likaishia njiani bila hukumu. Habari zile hazikutunzwa vizuri. Serikali iliunda tume chini ya Sir Michael Bichard, naye katika taarifa yake ya mwaka 2004 alitaka polisi watunze na kupeana habari, akataka pia wakuu wa shule wafundishwe namna ya kuajiri. Sheria mpya ikafuata mwaka 2006.

Kwa hiyo tukielewe cheti jinsi kilivyo. Cheti kikisema hapana kumbukumbu, hakisemi kwamba mtu huyu hakufanya neno. Chasema kwamba lolote alilofanya, kama alifanya, halikuandikwa.

Na kwetu mengi hayaandikwi. Hapa yatupasa kusema wazi. Mtoto akiharibiwa kijijini, mara nyingi wazee wa koo mbili hukaa usiku. Hutolewa ng'ombe, au fedha, au ahadi ya kuhama. Mama wa mtoto huambiwa asiaibishe ukoo. Mashahidi wakiitwa polisi, hawaonekani. Kesho yake mtu yule ni mweupe kama karatasi, akienda kuomba cheti atakipata, na cheti hakitakuwa na kosa lolote la mwandishi. Aliyekipotosha ni sisi tuliomaliza jambo nyumbani. Jambo lenyewe si la wazee kulimaliza. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kumbaka mtoto kuna adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu katika jamii mwenye habari ya mtoto anayevunjiwa haki zake aipeleke kwa mamlaka ya mahali pale. Ng'ombe hawamo katika sheria hizo.

Tena kuna mtu ambaye kosa lake la kwanza bado halijafika. Mwezi Oktoba 2016 nchi nzima iliona picha za video za walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi mmoja kwa ngumi, mateke na fimbo ndani ya ofisi ya shule ya sekondari ya kutwa hapa Mbeya. Wanachuo wale waliondolewa vyuoni. Sisi tuliofanya kazi ya chuo cha ualimu, ambao tuliwapeleka vijana mazoezini mwaka hadi mwaka, tulitazama picha zile kwa uchungu wa pekee. Vijana wa umri ule, wangetakiwa cheti cha polisi siku ya kufika, bila shaka wangekileta kisafi. Ambacho kingemsaidia mwanafunzi yule si karatasi ya polisi. Ni mtu mzima mmoja ndani ya ofisi ile ambaye angesimama kati yao.

Basi cheti ni mlango wa kwanza tu. Twapenda sasa kukaa zaidi kwenye mlango wa pili, maana huu ndio ambao Kanisa lenyewe limeuacha wazi, nao ni barua.

Waanglikana sote tumekwisha isoma au kuisikia habari ya John Smyth, lakini wengi tumeisikia kama habari ya Askofu Mkuu wa Canterbury kujiuzulu. Twataka kuisoma kama habari ya Afrika. Smyth hakuwa padre. Alikuwa mwanasheria mwenye jina huko Uingereza, na kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana wa shule za bweni. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 aliwachukua wavulana na vijana nyumbani kwake, Winchester, akawapiga kwa fimbo mpaka damu ikatoka, akiwaambia kwamba ndiyo njia ya utakatifu. Mwaka 1982 padre mmoja aliandika taarifa kamili ya mambo hayo. Taarifa ile ilisomwa na watu wachache, ikafungiwa. Polisi hawakuambiwa. Mtu huyo akashauriwa tu aondoke.

Mwaka 1984 aliondoka, na alikokwenda ni Zimbabwe. Huko alianzisha kambi nyingine za wavulana. Mwezi Desemba 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea, kambini, huko Marondera. Mwaka 1993 wachungaji wa Bulawayo walimtuma mwanasheria, David Coltart, achunguze, naye akaandika taarifa juu ya mapigo yaliyofanyika kambini. Smyth alishtakiwa kwa kifo kile, lakini kesi ilivunjika mwaka 1997 bila hukumu. Baadaye alihamia Afrika ya Kusini, akaendelea kukaa makanisani. Alikufa Cape Town mwezi Agosti 2018, hajawahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote kwa mambo hayo. Taarifa ya Keith Makin, iliyotolewa tarehe 7 Novemba 2024, inakadiria kwamba waliotendewa na mtu huyu ni zaidi ya 100, na wapatao 85 kati yao ni wavulana na vijana wa Afrika. Siku tano baadaye Askofu Mkuu Justin Welby akatangaza kujiuzulu.

Sasa tumwulize mwanafunzi wetu swali la darasani. Kama mwaka 1984 parokia moja ya Harare ingemtaka Bwana Smyth alete cheti cha polisi wa Uingereza, cheti kingesema nini? Kingesema hapana kumbukumbu. Wangempokea kwa furaha. Waliojua habari zake hawakuwa polisi. Walikuwa Wakristo wenzake, watu wa sala, wenye kalamu na anwani. Kilichokosekana ni barua moja ya kweli.

Tusicheke Waingereza. Sisi nasi twazo barua zetu. Mwalimu wa chekechea amesumbua watoto, padre hataki kelele, halmashauri haitaki aibu, basi anaitwa, anaambiwa aombe mwenyewe kuondoka, na ili aondoke kwa amani anapewa barua nzuri ya utambulisho. Barua yasema kwamba ni Mkristo mwaminifu, ameshiriki Meza ya Bwana, twamkabidhi kwenu kwa upendo. Anapanda basi. Parokia inayompokea inaisoma barua, inaona muhuri, inamshukuru Mungu. Ni nani aliyemdhuru mtoto wa parokia ile ya pili? Wa kwanza ni yule mtu. Wa pili ni muhuri wetu.

Eli, kuhani wa Shilo, alisikia yote. Maandiko hayasemi kwamba hakujua. Watu walimwambia mambo ya wanawe, jinsi walivyowatendea waliokuja kutoa sadaka na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Aliwaita, akawaonya kwa maneno mazuri kabisa, ya kizazi. Lakini hakuwatoa katika huduma. Siku iliyofuata walikuwa palepale, wamevaa mavazi yaleyale. Na Mungu alipotaka kusema neno juu ya nyumba ile, alimwambia mtoto, Samweli, usiku, naye mtoto akaogopa kulisema asubuhi. Walimu wa Shule ya Jumapili hupenda kufundisha habari ya Samweli kuitwa, wakaishia pale anapoitikia. Watoto hawaambiwi alichoambiwa. Sisi twaona waambiwe.

Kanisa letu la dunia nzima limekwisha liona jambo hili la barua. Baraza la Ushauri la Anglikana lilipokutana Lusaka mwaka 2016 lilikubali utaratibu wa makanisa kupeana habari za kufaa au kutofaa kwa mtumishi anayetoka nchi moja kwenda nyingine, na likataka iundwe Tume ya Kanisa Salama. Mwaka 2019, huko Hong Kong, Baraza lilipokea miongozo ya tume ile juu ya usalama wa watoto, vijana na watu wazima wasioweza kujilinda. Lakini Baraza halina polisi. Utaratibu huo utafanya kazi kati ya Zambia na Tanzania pale tu utakapofanya kazi kwanza kati ya Njombe na Mafinga.

Basi parokia iandike barua gani? Iwe fupi na iwe na mambo yanayojulikana. Alifanya kazi gani kwetu, tangu lini hadi lini, alikuwa na watoto au hakuwa nao, aliondoka kwa sababu gani, je, kulikuwa na lalamiko lolote juu yake na liliishaje, je, sisi wenyewe tungempa tena kazi ileile? Swali hilo la mwisho ni dogo, lakini watu wengi wanaoweza kuandika sifa za uongo hushindwa kulijibu. Asiandike mtu uvumi wa kisimani. Aandike lalamiko lililopokelewa, na tarehe yake, na nani alilishughulikia. Na kama padre hawezi kumsifu mtu kwa kweli, asimsifu. Barua isiyo na sifa si dhambi.

Upande wa anayepokea, barua inayoletwa mkononi na mwombaji mwenyewe isitoshe. Wadhamini wawe wawili au watatu, mmoja wao asiwe wa Kanisa, wala wasiwe ndugu zake. Katibu wa halmashauri awapigie simu yeye mwenyewe, kwa namba aliyoitafuta yeye, maana namba iliyoandikwa na mwombaji yaweza kuwa ya shemeji yake. Akisema alikuwa mwalimu, aonyeshe barua ya kuacha kazi, na mkuu wa shule ile aulizwe. Tena historia ya kazi yake isomwe kwa miaka. Tukiona mwaka 2017 mpaka 2019 hakuna kitu, tumwulize kwa upole alikuwa wapi. Mara nyingi jibu ni jepesi: alikuwa akimwuguza mama yake Tukuyu, au alikuwa analima vitunguu Ruaha Mbuyuni na ukame ukamshinda. Mtu mwema hajibu kwa hasira.

Hapo twajua wapo watakaonuna. Mama aliyefundisha watoto miaka ishirini atasema, leo mnanipeleka polisi kama mwizi? Tumjibu kwa heshima anayostahili, tena tusimwanzie yeye. Aanze Padre, wafuate makatekista, na wazee wa kanisa, na mwenyekiti wa halmashauri. Alama za vidole vya Padre zikikwisha chukuliwa, la aibu halipo tena. Na gharama ni jambo la kweli. Nauli ya kwenda mjini kutoka Makete au kutoka milima ya Kilolo, na ada ya serikali, ni fedha nyingi kwa mtu anayejitolea. Sisi twaona parokia ilipe. Tunaponunua vipaza sauti vya kwaya hatumwambii mwimbaji alete fedha zake. Ikiwa fedha hazitoshi kwa wote mwaka huu, tuanze na wale wanaolala mahali wanapolala watoto, wanaowasafirisha, na wanaobaki nao peke yao.

Limebaki swali ambalo halmashauri hulileta kila mara, tena kwa nia njema: je, sisi si Kanisa la msamaha? Mtu ametubu, amefungwa, ametoka, mtamtaka cheti mpaka lini?

Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa, nao walikuwa na haki ya kuogopa. Hakuna mahali tunaposoma kwamba walikemewa kwa kutokuamini upesi. Aliyeifungua njia ni Barnaba, naye hakusema tu kwamba huyu ni mtu mzuri. Aliwaeleza lililotokea njiani, na alichofanya Sauli huko Dameski. Alitoa ushahidi wa mambo yaliyofanyika na kuonekana. Ndivyo mdhamini anavyopaswa kuwa. Na msamaha wa Kanisa humrudishia mtu kiti chake kanisani, na mkate wa Bwana, na rafiki wa kumtembelea. Haumrudishii lazima ufunguo wa bweni la watoto. Aliyemharibu mtoto, hata akitubu kwa machozi ya kweli, na amtumikie Mungu mahali pengine pasipo na watoto. Na kama toba yake ni ya kweli, yeye mwenyewe hataomba ufunguo ule.

Lakini tusiyatie makosa yote katika gunia moja. Mtu aliyefungwa miezi sita miaka ishirini iliyopita kwa kupigana kilabuni, au kwa gunia la mahindi wakati wa njaa, si yule mwingine. Cheti kikirudi na kumbukumbu, halmashauri ikae watu watatu tu, imwite, imsikilize, ipime kosa na kazi anayoomba, na muda uliopita. Mlinzi wa lango aweza kutoka hapo. Mtunza fedha aliyefungwa kwa wizi wa fedha, hilo ni neno jingine. Na yanayosemwa humo yasitoke. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inamgusa anayetunza habari za watu. Cheti kiwekwe katika kabati lenye kufuli, si ndani ya kitabu cha matangazo ambamo kila kijana wa kwaya hupekua kutafuta zamu yake.

Mtu akikwisha pokelewa, kazi ya kumjua haijaisha. Apewe miezi sita ya kutazamwa. Watoto wasiwe kamwe na mtu mzima mmoja mahali pa faragha. Wawe wawili, na mlango uwe wazi. Hata mwalimu mwema hulindwa na mlango ulio wazi, maana hakuna wa kumsingizia. Watoto waambiwe, kwa maneno yao, kwamba wakitendewa jambo baya hata na mtumishi wa Kanisa waseme, na waambiwe kwa jina ni mama gani na baba gani wa kumwendea. Likitokea lalamiko, mzee wa kanisa asimweke mtoto katikati ya baraza ahadithie. Mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe; apelekwe hospitali na polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, siku ileile. Ofisa wa ustawi wa jamii ajulishwe. Simu ya watoto namba 116 hailipiwi. Mtumishi aliyelalamikiwa asimamishwe kazi kwa muda wakati wenye kazi hiyo wanachunguza, naye aambiwe waziwazi kwamba kusimamishwa si kuhukumiwa. Akionekana hana kosa, atangazwe hivyo mbele ya watu walewale waliosikia kwamba amesimamishwa. Hilo la mwisho parokia hulisahau, nalo ni haki yake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi, kabla ya mkutano wa halmashauri:

Taja watu wote ambao parokia yetu imewapa kazi ya kukaa na watoto. Kwa kila mmoja, ni nani kati yetu anayejua alikotoka na kwa nini aliondoka?

Barua za utambulisho tulizowaandikia watumishi waliohama zimo katika faili? Zisomwe. Je, iko ambayo leo tungeiandika kwa namna nyingine?

Eli angefanya nini siku ile ya kwanza aliposikia? Vikundi vyenye vijana viwaache vijana wajibu kwanza.